Beseni Moja, Watu Kumi na Watatu

Jumatatu, Septemba 23

Daftari hili nimelinunua leo Mutomo kwa hasira. Asubuhi niliandika kwenye kitabu cha ripoti cha ofisini: "Maji hayakutosha, wazee wanne hawakuogeshwa." Bwana Ndolo, msimamizi wetu, akanirudishia kitabu. "Mbithe, wageni husoma hii. Andika huduma zote zimetolewa." Nikaandika. Basi huko nitaandika anavyotaka yeye, na hapa nitaandika ninavyotaka mimi, na asiyependa shauri yake.

Makao yetu ya wazee ni ya kanisa, ng'ambo ya mto wa mchanga ukitoka Mutomo. Wazee ni kumi na wanne, wahudumu tuko watatu, na mimi ndiye niliyekaa zaidi, mwaka wa nane huu. Naogesha, nalisha, nabadilisha nepi, nakata kucha, natukanwa. Mvua hatujaiona tangu Mei.

Jumanne, Septemba 24

Joto. Punda wa maji hakuja.

Ijumaa, Septemba 27

Leo nimegombana na Bi Zulekha tena, na tena ni maji.

Hapa tuna desturi yetu ya chakula, na niseme wazi kwamba niliileta mimi. Zamani wazee walikuwa wanakula bila kunawa kabisa. Nikasema haiwezekani, nyumbani kwetu mgeni hali kabla hajanawa. Basi kila mchana na kila jioni nabeba beseni la maji ya moto na sabuni, naanza na Mzee Kyule kwa sababu ndiye mkubwa wa wote, ana miaka tisini na moja. Akishamaliza anampitishia Mzee Munyao, naye anampitishia anayefuata kwa umri, mpaka mwisho. Beseni moja linatosha watu wote. Wageni huliona wanasema, "Aki, hapa kuna heshima." Mchungaji Mwangangi, mwenyekiti wa kamati, aliwahi kunisifu kanisani mbele ya watu.

Wote wananawa humo isipokuwa Bi Zulekha. Huyu ni mjane, watu wake walitoka pwani, ameuza leso na vitenge sokoni Mutomo miaka arobaini. Hakuzaa. Yeye ana birika lake. Anataka mtu amwagie maji mkononi, yapite, yaanguke chini. Ukame wote huu!

"Bi Zulekha, hayo maji ni ya kunywa watu."

"Mwanangu, mimi sitii mkono kwenye maji yaliyosimama. Sikuanza leo na sitaanzia hapa."

Maringo tu. Wazee wengine wanamwona anawadharau, na mimi namwona hivyo hivyo. Nimemmwagia kidogo sana, kwa makusudi, na yeye akajua.

Alhamisi, Oktoba 3

Kituo cha afya wametuletea nesi atufundishe, kijana anaitwa Mutiso, ana viatu vyeupe. Alikaa na sisi asubuhi yote anatuangalia tukifanya kazi, hasemi kitu, anaandika tu. Halafu akatuita uani.

Akasema tunanawa vibaya. Eti kabla ya kumgusa mzee, nawa. Kabla ya kumlisha au kumsafisha kidonda, nawa. Ukishika mkojo au choo au matapishi, nawa. Ukimwacha, nawa. Hata ukishika kitanda chake tu bila kumshika mwenyewe, nawa! Nikamwuliza, "Wewe unajua wazee ni wangapi? Nikinawa mara zote hizo ngozi itabanduka, na maji utaniletea wewe?"

Akageukia glavu. Mwenzangu Kathini huvaa jozi moja asubuhi akamaliza nayo wazee watano, akiiosha kwa sabuni katikati. Tunafanya hivyo wote, ndiyo njia ya kuzifikisha mwisho wa mwezi. Mutiso akamwuliza, "Hizo glavu zinamlinda nani?"

"Mimi."

"Na mzee wa pili?"

Kathini akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nangoja ayaguse ya beseni, na akayagusa. Akasema mtu wa mwisho kwenye beseni ananawa uchafu wa wote waliomtangulia, na joto la maji halisaidii kitu, maji ya kuvumilika mkononi hayaui viini vya ugonjwa. Maji yanatakiwa yapite. Akasema tutoboe mtungi wa plastiki, tuutundike, tutengeneze kibuyu chirizi kama wanavyofanya shuleni.

Kijana wa juzi! Nimeosha watu tangu yeye akiwa anaoshwa. Nikamwambia asante, ukipita jikoni kuna chai.

Jumatano, Oktoba 9

Mawingu yalikuja yakaondoka. Nepi zimebaki pakiti mbili.

Jumatatu, Oktoba 14

Mzee Kyule amechafua kitanda leo karibu na saa sita. Amechafua sana, maji matupu. Aliaibika mpaka akafunika uso na blanketi.

"Mwaitu, usiandike," akaniambia. Ananiita mwaitu, mama, ingawa angeweza kuwa babu yangu. "Hii ni maharagwe tu. Ukiandika, Ndolo ataniweka kile chumba cha nyuma peke yangu. Na mezani nani ataanza?"

Nikamhurumia. Mtu aliyekuwa akiamua kesi za mashamba, leo anageuzwa kama mtoto. Nikamsafisha, nikambadilisha shuka, nikavua glavu. Kengele ya chakula ikalia, nikajifuta na aproni nikakimbilia beseni. Akaja mezani na mkongojo wake, amechana ndevu, akanawa wa kwanza kama kawaida. Alinikonyezea jicho. Ofisini niliandika "wote salama", na kwa mara ya kwanza niliandika kwa kupenda.

Jumatano, Oktoba 16

Mzee Munyao anaendesha na kutapika. Wengine wawili pia.

Alhamisi, Oktoba 17

Saba. Mvua imeanza mchana, matone makubwa, harufu ya vumbi imejaa nyumba nzima. Hakuna aliyefurahi, tulikuwa tunakimbia na ndoo.

Ijumaa, Oktoba 18

Tisa. Kathini naye anatapika, amerudi kwao. Tumebaki wahudumu wawili. Bwana Ndolo amenunua chupa ya sanitaiza ameiweka getini kwa ajili ya wageni. Mgeni gani atakuja kwenye hii mvua?

Jumapili, Oktoba 20

Mzee Munyao amefariki leo saa kumi alasiri.

Nitaandika yote. Tangu Ijumaa nilikuwa namnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, na yakiingia yanatoka. Jana jioni macho yalikuwa yameingia ndani. Leo asubuhi nikamvuta ngozi ya mkono na ikabaki imesimama. Nikamwambia Ndolo mzee apelekwe hospitali ya misheni sasa hivi. Ndolo, sitamsingizia, alipiga simu na gari likaja. Lakini mto ulikuwa umejaa. Ule mto tunaochimba mchanga miezi minane ndipo tupate kikombe cha maji, leo umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, rangi ya chai. Gari likasimama ng'ambo ile, tunaliona. Dereva ametoka nje na mwavuli, anatutazama, na sisi tunamtazama.

Vijana wa jirani wakasema watambeba mabegani. Wakafika katikati ya mapaja, maji yakawasukuma, wakarudi. Nikamshika Munyao chini ya mti wa pale, nimemfunika na karatasi ya nailoni. Alikuwa mtu wa utani. Kila siku alikuwa akiniuliza kama nimepata bwana mwingine au bado namngoja yeye. Nilimwambia, "Mzee, maji yatapungua sasa hivi." Akasema, "Mbona unalia basi?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia vizuri.

Maji yalipungua saa kumi na moja.

Jumatatu, Oktoba 21

Kitabu cha ofisi kinasema: "Munyao, uzee." Hayo si maandishi yangu.

Alhamisi, Oktoba 24

Wagonjwa wanapona polepole. Wamebaki wanne kitandani. Tumbo likipona, mdomo unaanza.

Nilikuwa nikimlisha uji Mzee Kyule, akaangalia mlangoni kwanza, halafu akasema, "Mwaitu, umehesabu? Sisi kumi na tatu wote tumeshikwa. Mmoja tu hajashikwa. Nani?"

Nikamtilia kijiko kingine cha uji.

"Ile mama ya birika. Hakuharisha hata siku moja. Hakutapika. Anakula, anashiba, anaomba Mungu wake, analala. Na Munyao amekufa. Unajua alisema nini na Munyao wiki moja kabla? Waligombana juu ya kiti." Akashusha sauti zaidi. "Huyo ni muoi."

Muoi ni mchawi. Kwetu Ukambani neno hilo halirudi mdomoni likishatoka. Kufika jioni nyumba nzima ilikuwa nalo. Meza ya Bi Zulekha wamehama wote. Kathini, ambaye amerudi leo, alimwekea sahani mlangoni, chini, akaondoka mbio.

"Kathini, wewe umeokoka," nikamwambia.

"Ndiyo maana naogopa," akasema.

Na mimi? Niseme ukweli hapa kwa sababu ndiyo kazi ya daftari hili. Nililala nikijiuliza. Mbona yeye peke yake?

Jumatatu, Oktoba 28

Wazee watano wamemwambia Ndolo hawatakula chini ya paa moja na Bi Zulekha. Ndolo si mtu wa kuamini uchawi, ana diploma. Lakini anaamini utulivu. Amempigia simu Fahad, mpwa wake Zulekha, yuko Kambu, anauza maji na njugu kwa magari ya barabara kuu ya Mombasa. Kamati itakaa Jumamosi ya tarehe tisa kuamua rasmi, na Fahad amchukue siku hiyo hiyo.

Jumanne, Oktoba 29

Nimemkuta akikunja nguo. Chumba kinanukia udi na dawa ya kuchua. Ana sukari, miguu imevimba, na hata ndani ya viatu vya wazi anaumia.

"Fahad ana chumba kimoja nyuma ya kibanda," akaniambia bila kuulizwa. "Mke, watoto watatu, na kuku. Nitalala na kuku." Akacheka. "Kuku angalau hataniita mchawi."

Nikamsaidia kukunja leso. Halafu akaniuliza, ananitazama usoni, "Mbithe mwanangu, na wewe wasemaje?"

Nilikunja leso. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na minne, mdomo huu unaojulikana Mutomo yote, nikashindwa kusema "hapana". Akaichukua ile leso mkononi mwangu taratibu akaikunja upya kwa sababu nilikuwa nimeikunja vibaya.

Jumatano, Oktoba 30

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nilitaka kuona Munyao na Zulekha waligombana lini. Sikupata ugomvi wowote. Nikapata tarehe kumi na nne.

"Nikavua glavu. Nikajifuta na aproni nikakimbilia beseni."

Nimekaa nayo asubuhi nzima. Kyule alianza kuendesha Jumatatu. Nilimsafisha kwa mikono hii, na mikono hii ndiyo iliyobeba beseni na kukoroga sabuni humo. Yeye akanawa wa kwanza. Wa pili Munyao. Na Munyao ndiye aliyeshikwa wa kwanza baada yake, na vibaya kuliko wote. Halafu watu wengine wote, duara nzima, kila mtu alimpitishia mwenzake. Mtu mmoja hakuingiza mkono humo, na huyo ndiye tunayemwita muoi kwa sababu ni mzima!

Nikaenda nje mvuani nikasimama tu. Yule kijana wa viatu vyeupe aliniambia kila kitu uani nikamwelekeza kwenye chai.

Sasa basi. Kulia nimelia. Kesho naanza.

Alhamisi, Oktoba 31

Nimetoboa mitungi mitatu kwa msumari wa moto, nikaitundika: mmoja nje ya choo, mmoja mlango wa jikoni, mmoja veranda karibu na vitanda. Sabuni imefungwa na kamba, kila mtungi na yake. Unavuta kijiti kilichoziba tundu, maji yanatiririka. Mchana nikawapeleka wazee mmoja mmoja. Wasioweza kutembea nikawamwagia kwa jagi na ndoo chini. Ilichukua nusu saa. Ugali ulipoa wakanung'unika. Waache wanung'unike, wakiwa wazima.

Glavu: mzee mmoja, jozi moja, tupa, nawa. Kathini akasema zitaisha. Nikamwambia zikiisha tutakwenda ofisini sote wawili tukasimame pale mpaka tupewe.

Ijumaa, Novemba 1

Bwana Ndolo ameamuru mitungi iondolewe. Eti nyumba inaonekana kama choo cha sokoni.

"Na maji, Mbithe. Unayamwaga tu."

"Tangi limejaa mpaka linafurika, Bwana Ndolo. Njoo uone."

Alikuja akaona. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya tangi yanachimba shimo. Hapo nikajua, hata yeye akajua, kwamba maji hayakuwa sababu. Tulikuwa tumezoea tu.

"Wazee wanapenda beseni," akasema. "Ni mila yao. Wewe ndiye uliyeileta."

"Ndiyo. Na mimi ndiye ninayeiondoa."

"Utabeba beseni kesho."

"Sibebi."

Sikupaza sauti. Nilishangaa mwenyewe jinsi ilivyotoka laini.

Jumapili, Novemba 3

Mitungi imeondolewa nikiwa kanisani. Nimetoboa mingine.

Jumanne, Novemba 5

Imeondolewa. Nimetoboa mingine. Muuza mitungi wa Mutomo ananiuliza kama nafungua biashara.

Kathini ndiye anayebeba beseni sasa. Mimi nasimama mwanzo wa meza na jagi na ndoo, na kila mzee anachagua. Leo watatu wamekuja kwangu. Mzee Kyule haji. Ananipita bila kunitazama, ananawa wa kwanza.

Alhamisi, Novemba 7

Nimekwenda kwa Bi Zulekha nikamwambia hapana. Alikuwa ameshasahau swali. Au alijifanya. "Hapana nini?" akauliza.

"Wewe si mchawi. Uliniuliza Jumanne ya wiki iliyopita."

"Eeh. Nililijua jibu, mwanangu. Nilitaka kujua kama na wewe walijua." Akavuta stuli kwa mguu mbovu. "Kaa. Unanuka sabuni."

Nikamweleza ya tarehe kumi na nne. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nikilitamka hilo mbele ya kamati nitafukuzwa kazi mimi. Nikamwambia najua. Nina watoto wawili sekondari, najua sana. Hakunisihi ninyamaze, na nilishukuru kwamba hakunisihi.

Jumamosi, Novemba 9

Kamati imekaa leo kwenye chumba cha kulia kwa sababu ofisi inavuja. Watu watano, Mchungaji Mwangangi katikati. Ndolo na kitabu cha ripoti. Bi Zulekha mwisho wa meza, begi chini, na Fahad nyuma yake amesimama, mtu mwembamba mwenye aibu, amekuja na bodaboda tangu alfajiri. Mzee Kyule naye aliitwa kama mkubwa wa wazee.

Ndolo alisoma. "Kwa ajili ya amani ya wakazi, na bila kumlaumu mtu, kamati imwombe mkazi Zulekha arudi kwa jamaa zake." Bila kumlaumu mtu! Mchungaji akasema tutaomba, tutakunywa chai, halafu tutatia sahihi. Akaniambia, "Mbithe, tuletee maji tunawe."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo.

Nilikuwa nimetoka chumba cha wanawake wakati huo huo, kubadilisha nepi ya mmoja, sitamtaja. Nilivua glavu na sikunawa. Nikaleta beseni, maji ya moto, sabuni, taulo mkononi, kama miaka minane yote. Nikaliweka mbele ya Mchungaji. Nikasema, "Samahani, nitangulie, nimetoka kubadilisha nepi na bado sijanawa." Nikaingiza mikono yote miwili mpaka viwikoni. Nikanawa vizuri, katikati ya vidole, chini ya kucha. Nikaitoa, nikajifuta.

"Karibu, Mchungaji. Ukimaliza umpitishie anayefuata."

Hakuna aliyesogea. Mchungaji alikuwa ameshakunja mikono ya shati, akaanza kuikunjua.

"Mbithe, hii ni dharau."

"Si dharau. Ni desturi uliyonisifia kanisani. Maji ni ya moto na sabuni imo."

"Lakini umeosha nini humo?"

"Uchafu ule ule wazee wetu wamekuwa wakinawia miaka minane. Kwani wao hawana pua? Kwani wao hawana tumbo? Kama hayafai kwa kamati, yalimfaaje Munyao?"

Ndolo akasimama akaniambia nitoke. Nikasema sitoki mpaka nimalize. Nikawaambia: watu kumi na watatu walitia mkono kwenye beseni hili, na wote kumi na watatu wakaugua. Mmoja hakutia, na hakuugua. Hakuna uchawi hapo, mtoto wa nasari anaweza kuona. Na ugonjwa ulikuwepo nyumbani tangu tarehe kumi na nne, nikauona, nikaunyamazia. Sikusema ni nani aliyeanza. Nilikuwa nimeapa moyoni sitamtaja.

Mvua inapiga mabati. Kisha nikasikia mkongojo unagonga sakafu, na Mzee Kyule akainuka, ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Ni mimi," akasema.

"Mzee, kaa," nikamwambia.

"Sikai. Nilianza kuendesha mimi, mbele ya wote. Huyu mama nilimwomba asiandike. Nilikuja mezani hivyo hivyo nikanawa, kwa sababu nilitaka kuanza. Nikampitishia Munyao." Alishika meza. "Munyao alikuwa ananifuata mimi. Siku zote alikuwa ananifuata mimi. Alivyokufa nilijua. Nikaona watauliza, ilitoka kwa nani? Basi nikatafuta mtu."

Akamgeukia Bi Zulekha. Hawakuwa wametazamana kwa wiki mbili.

"Nimekuita jina baya nikijua si lako."

Bi Zulekha alikuwa ameshika begi mapajani. Sura yake haikulegea hata kidogo. "Kyule, umenila nyama kwa masengenyo siku kumi na sita, na mimi niko hai nasikia. Nitakusamehe. Lakini si leo."

"Si leo," akakubali mzee, akaketi. Alikuwa analia waziwazi, bila kufunika uso safari hii.

Sikuweza kuacha libaki kwake. Nikasema, "Beseni ni langu. Mzee alipitisha tu alichopewa. Niliyempa ni mimi, na nilikuwa nimeshaambiwa." Sikuwa naomba msamaha wa kamati. Nilitaka lijulikane limetoka wapi.

Mchungaji alikuwa anaangalia yale maji. Yalikuwa yameanza kupoa, povu limeshuka pembeni. Mwishowe akasema Bi Zulekha abaki. Akasema mitungi irudi, yote, na pale mbele wageni waione. Fahad akapumua kwa nguvu mpaka tukamsikia, akabeba begi la shangazi yake akalirudisha chumbani mwenyewe.

Kisha Mchungaji akanigeukia. Akasema nimeficha ugonjwa, nimekaidi msimamizi, nimeitukana kamati, na kwa hayo nitapewa barua ya onyo. Nikipata nyingine, kazi imekwisha. Akauliza kama ninaikubali.

"Naikubali. Ila iandikwe yote."

"Yote nini?"

"Munyao. Kitabu kinasema amekufa kwa uzee. Nyumba inasema amekufa kwa uchawi. Andikeni kwenye barua yangu, na kwenye kitabu: Mzee Munyao alikufa kwa kunawa mikono. Tulimwambia anawe, akanawa, kwenye maji tuliyompa."

Ndolo akasema barua ya kazi haiandikwi hivyo.

Nikamwambia basi sitii sahihi, na nikakaa kwenye benchi, katikati ya Kyule na Zulekha, nikangoja.

Jumanne, Novemba 12

Barua imekuja. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno walilolipunguza. Hawakupunguza. Nimetia sahihi.